Mkwe Kapewa Mgongo, Wageni Wote Firigisi

Jumanne, 12 Agosti 2025. Asubuhi ukungu na manyunyu, jua saa nne.

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo dada yangu Lynette anamleta mchumba wake Willis kwetu Mayoni kwa mara ya kwanza, na mimi ninayejifunza JavaScript hapa Shirere nilijitolea kutengeneza ukurasa ambapo mgeni anaandika jina lake na kuambiwa atakula sehemu gani ya kuku, nikatumia ule mstari mmoja wenye alama ya kuuliza na nukta mbili:

mkwe ? "mgongo" : "firigisi"

nikaweka mgongo mbele kwa kuwa wa kula mgongo ndio wengi, firigisi kwetu ikiwa heshima ya mkwe peke yake, nikafurahi mno, nikawatumia watu wote, na leo Willis amenipigia, "Shemeji, mgongo? Nimekosea nini na hata sijafika?" huku mjomba Osundwa akizunguka soko zima akitangaza, "Imondo, firigisi yenyewe, ni yangu, kompyuta imesema!" na wameahidiwa hivyo watu thelathini na mmoja. Mama anacheka. Lynette hacheki, anasema niache kompyuta kabisa. Niache? Nalala sasa, saa saba na robo usiku.

Teresa, Shirere

Pole, Teresa, ingawa nimecheka hadi machozi. Uache nini? Nimemwuliza Philemon, fundi wa mitambo hapa redioni, naye alipomaliza kucheka akanieleza. Kabla ya alama ya kuuliza kuna swali. Jibu likiwa ndiyo, mashine inachukua kinachofuata hapo hapo. Likiwa hapana, inachukua kilicho baada ya nukta mbili. Haijali nani ni wengi. Uliiuliza, "Huyu ni mkwe?" Ikaona ndiye, ikampa mgongo, kama ulivyoiagiza.

Lakini wewe! Mtu anayeandika tarehe na mvua anatumaje kitu bila kukijaribu? Majina mawili tu yangetosha, la mkwe na la asiye mkwe.

Basi badilisha hayo maneno mawili mahali, ujaribu, kisha mwite Lynette aandike jina la Willis kwa mkono wake mwenyewe. Akiona firigisi atacheka. Willis mpigie leo, ukiri kosa ni lako. Mjomba mfuate hadi sokoni, usimtumie ujumbe. Na Jumamosi mkwe akikuuliza unafanya kazi gani, mjibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: natengeneza kurasa za kompyuta.