Sinia la Siku ya Sabato

Ndugu yangu Ombati,

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyokuwa tukiandikiana shuleni. Kigusii kitaniliza, na leo sitaki kulia. Leo nina hasira na wewe. Umekufa, umezikwa, migomba uliyoiacha michanga imeshazaa, na bado unanishinda!

Jumapili iliyopita tuliona ile sinema yetu. Nasema yetu, lakini ni yako. Hoteli moja pale Keroka imenunua televisheni, watu wakajaa mpaka madirishani. Mimi nilivaa koti. Hebu fikiria, koti, kwenda kukutazama wewe! Yule mzee Mwingereza akatokea amekaa barazani, amechoka, nawe ukaingia na sinia la chai. Hoteli nzima ikapiga kelele, "Ombati! Ombati!" Mimi nikafunga vifungo vya koti langu.

Ile ilikuwa nafasi yangu. Watu wa sinema walipokuja Magwagwa kutafuta mtu wa kuigiza mpishi wa mzungu, tulijipanga foleni ndefu, na Ijumaa ile aliyechaguliwa ni mimi, nawe ukiwa umesimama pale pale. Ningekosaje? Mwalimu mzima, kila mchezo wa kuigiza wa shule ni wangu. Kabla jua halijatua nilikuwa nimekariri maneno yangu na ya mzee pia. Halafu wakasema tuanze kesho asubuhi. Kesho yake Jumamosi, Sabato! Sisi Wasabato tuliolelewa tukijua hata kuni hazipasuliwi siku hiyo.

Nikakutuma uende ukawaombe wangoje Jumapili. Nilikutuma kuomba, Ombati, kuomba tu. Ukarudi jioni una poda usoni, unacheka. "Waliniambia nishike sinia, nikashika."

Ukanieleza habari za yule mzee. Eti ujanani picha yake ilitundikwa nje ya kila jumba la sinema huko kwao, na sasa maneno yanamtoroka. Wakamwandikia kwenye karatasi, wakaibandika ndani ya sinia, nawe ukalishika bila kutikisika ili asome. Ulisema kwa huruma, "Mikono yake inatetemeka, maskini." Mimi huruma sikuwa nayo. Nilisikia wivu ukinipanda kifuani kama kiungulia.

Sasa sikia ambalo hukuwahi kulijua. Jumatatu yake nilikwenda kwa wazee wa kanisa. Mimi, Nyakundi. Nikasema Ombati amefanya kazi siku ya Sabato, mchana kweupe. Wakalifuta jina lako kwenye daftari la kanisa. Ukaniuliza tukichuma chai shambani kwako, "Nyakundi, nani amenichongea?" Nikakujibu, "Watu wana macho." Ukatikisa kichwa tu, kisha ukanijazia kikapu changu kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma. Aka, Ombati! Si ungenitukana hata kidogo?

Walisema baada ya mwaka watakurudisha. Ugonjwa haukungoja. Siku ya mazishi kwaya haikuja, na mkeo Kerubo, kwa kukosa mwingine, akaniomba mimi niombe. Niliomba vizuri, watu wakalia. Hata pale kaburini nilikuwa naigiza.

Jumanne hii Kerubo kaja na barua kutoka Uingereza, nimsomee, maana Kizungu hakijui. Yule mzee wa sinema hana habari kwamba umekufa. Anasema siku hizi anapewa vijisehemu vya babu mgonjwa tu: anaingia, anakohoa, anakata roho, analipwa nauli anarudi kwake. Anasema ile kazi yenu ndiyo kubwa ya mwisho, na magazeti ya huko yameisifu kuliko zote alizofanya uzeeni. Halafu ameandika hivi: "Siku ile niliogopa kamera kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Uliniona, ukasogea hatua moja karibu nami. Hatua ile hakuna aliyekuambia uipige."

Hatua yenyewe nimeiona Keroka kwa macho yangu. Ni ndogo, mtu anaweza asiione. Mimi nisingesogea, ndugu yangu. Ningesimama pale pale waliponionyesha, kifua mbele, nangoja zamu yangu ya kusema. Haki ya Mungu ningeigiza vizuri sana, na yule mzee angeaibika mbele yangu.

Unajua nilivyomsomea mkeo? Nikayaruka maneno hayo yote. Nikasema, "Anawasalimu, anauliza hali." Kerubo akaigeuza ile barua, akaniuliza, "Karatasi mbili nzima, ni hayo tu?" Nikasema ndiyo. Nimekuchongea ukiwa hai, na sasa nakunyang'anya sifa ukiwa kaburini. Kisha akaniomba jambo. Binti yenu Moraa anabatizwa mwezi ujao, na Kerubo anataka jina lako, baba wa mtoto, lisomwe kanisani kama la muumini mwenzetu. Amenijia mimi kwa sababu siku hizi mimi ndiye mzee wa kanisa. Ndiyo, walinichagua. Walisema nina msimamo.

Sijala vizuri tangu Jumanne.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Kerubo. Nitamsomea barua yote, neno kwa neno, na ile hatua nitaisoma mara mbili kama atataka. Kisha nitamwambia nani alikwenda kwa wazee, asije akalisikia mbele ya watu. Akinifukuza, nitatoka. Na Sabato nitasimama kanisani niombe jina lako lirudi, na langu walifanye watakavyo.

Lala salama, Ombati. Nakuahidi sitasema nilikuwa nailinda Sabato. Nitasema nilikuonea wivu, na wakiniuliza kama wivu huo umeisha, nitawaambia bado.

Ndugu yako,
Nyakundi