Birika la Chini ya Nyumba Yetu

Shangazi Remedios mpendwa,

Niokoe, maana mama hasemi nami tangu Jumapili. Mimi natembeza wageni hapa Toledo, na nyumba yetu iko ndani ya ukuta wa mji, mtaa wa zamani wa Wayahudi, na chini yake kuna chumba chenye birika la mawe, sasa siku moja Mfaransa akaniuliza ni la nini, nikamwambia Wakristo wa kale walibatiziwa humo, akafurahi mno, basi kesho yake walipokuja Wamoroko nikasema Waislamu walitawadhia humo, na Wayahudi nao nikawaambia ni lao la kujitakasia, kila mtu akaondoka roho kwatu, nami nikajiona mjenzi wa ujirani mwema. Shangazi, birika lile alilichonga babu. La kutilia chumvi mapaja ya nguruwe.

Mwezi uliopita akaja Bi Reyna, mjane wa Kiyahudi wa miaka themanini na moja kutoka Istanbul. Aligusa jiwe akalia. "Mwanangu, wazee wangu walifukuzwa hapa pamoja na Wayahudi wote wa Hispania, miaka mia tano iliyopita. Leo nimefika nyumbani." Nikanyamaza. Sasa ameandika kwamba mwezi wa nne ataleta ukoo mzima wasali humo kabla hajafa, na Jumapili mama akaisoma barua. "Mwambie wewe," akasema, "ama nimwambie mimi babu yako alikuwa akitia nini mle." Nikisema kweli, si nitamuua yule bibi?

Eutiquio

Wee Eutiquio!

Umeniudhi, ukanichekesha, ukaniudhi tena. Mji huu mtu akichimba choo tu anakuta kaburi la mfalme. Wewe umekosa hata kigae, ukajitungia! Na usijifiche nyuma ya umri wa mwenzio. Watu wake walifukuzwa hapa wakaishi, watashindwa na birika lako? Unachoogopa ni aibu yako. Pole, najua inachoma, lakini ulipoona machozi yale ukanyamaza, na hapo ndipo ulipokosa.

Leo, kabla hujala, mpigie simu. Usiandike. Mtaje nguruwe kwa jina lake. Akikutukana, pokea, akinyamaza, usikate. Kisha mwambie sinagogi la wazee wake lipo, hatua chache kutoka mlangoni kwako, na utampeleka mwenyewe ukiwa umefunga mdomo. Mama yako awapikie dengu, bila nyama.

Alikwambia amefika nyumbani, mwanangu. Hadithi zako wape wageni.