Saa Kumi na Mbili Hadi Saa Moja

Ilemela, Mwanza
14 Novemba 1960

Kaka yangu Yunus,

Assalaam aleikum, na shikamoo kutoka kwa mdogo wako Mwaija. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na wenzako wa reli, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama bado yumo edani. Anakula kidogo, na hataki harufu ya samaki iingie chumbani mwake. Shangazi Sada anamlazimisha uji.

Barua yako nilimsomea mimi. Nilipofika pale uliposema Mayala ndiye aliyemuua Baba kwa tamaa yake, niliruka mistari, nikasoma salamu tu. Mama akauliza mbona barua ndefu hivi ina salamu tupu. Nikamwambia kaka siku hizi anaandika herufi kubwa.

Unasema utakuja mwisho wa mwezi kumshitaki Mayala barazani, anyang'anywe mtumbwi na afukuzwe mwaloni, asitue samaki hapa tena. Kaka, Mayala ana watoto sita. Tangu mazishi anakuja kila Ijumaa na mzigo wa kuni kwa ajili ya Mama, anautua nje, anaondoka. Kashindye, yule mama muuza samaki, alimwambia mbele ya watu kwamba yeye alijua kuogelea, mwenzake alijua kusali tu. Mayala aliinamisha kichwa, akaendelea kukunja wavu.

Ni kweli yeye ndiye aliyesema waende kilindini, nyuma ya visiwa, na huko ndiko upepo ulikowapindulia mtumbwi. Lakini wangevua wapi? Tangu mwaka jana nyavu za macho madogo ziliporuhusiwa, watu walikuja mpaka kutoka Busisi wakazoa ngege wachanga, wadogo kama kiganja changu. Kufika masika ya mwaka huu wavu wa Baba ulikuwa unatoka na ngege watatu na magugu. Kununua wavu wa macho madogo alikataa. Alisema yeye havui watoto.

Sasa, katika barua yako umeuliza ni nani aliyeidanganya serikali kwamba samaki ni wengi. Nimelikalia swali hilo wiki mbili.

Likizo ya Desemba, mwaka hamsini na nane, alikuja Mzungu wa kuhesabu samaki. Wavuvi walimwita Bwana Rula, maana rula yake haikumtoka mkononi. Kazi yake ilikuwa kujua ghuba yetu ina samaki kiasi gani bila kuingia majini. Kila mtumbwi ukifika, ngege wanapimwa, wanahesabiwa, na inaandikwa wavu umekaa majini saa ngapi. Samaki wachache kwa saa nyingi, ziwa limechoka. Samaki wengi kwa saa chache, ziwa limeshiba. Alikuwa na mwezi mmoja tu Tanganyika, Kiswahili chake kiliishia kwenye neno jambo, kwa hiyo akataka mtu wa kuandika anayejua lugha zote mbili. Baba akanishika mkono akanipeleka. Akasema huyu wangu haongei, lakini kalamu yake inaongea mara mbili.

Unanijua, kaka, hata kuagiza chumvi dukani nababaika. Kashindye alikuwa akiniona anapaza sauti kwa jina la Baba, "Tupisheni, serikali ya Mzee Abeid inapita!" Mimi nikijifunika kanga usoni, ninaandika. Niliandika siku ishirini.

Wavuvi walisema wametega saa kumi na mbili, wametegua saa moja. Nami nikaandika 12, nikaandika 1. Saa za Kizungu nimefundishwa shuleni, nazigeuza hata usingizini. Lakini pale sikio lilisikia Kiswahili, mkono ukaandika Kiswahili, ndani ya daftari la Kiingereza. Kwetu huo ni usiku kucha. Kwa Bwana Rula ulikuwa ni muda wa saa moja tu, mchana.

Utaniuliza kama nilijua. Siku ya mwisho nilijua. Aliniita, akanionyesha hesabu zake, akasema hajapata kuona maji yanayotoa samaki wengi hivyo kwa muda wa saa moja, tena daftari langu ni safi kuliko yote aliyoletewa. Akanipa mkono. Palepale nikaelewa. Mdomo ulifunguka, kaka, ukajifunga tena. Nikasema asante.

Halafu ukawa mkutano wa kutangaza nyavu ndogo, na mimi ndiye niliyetafsiri. Baba alisimama akasema hesabu imekosea, ngege wanakwisha. Bwana Rula akajibu kwamba saa zile zimetoka vinywani mwao wenyewe. Baba akanigeukia. Akaniuliza kwa upole, mbele ya mwalo mzima, kama hizo ndizo saa nilizosikia. Nikasema ndizo. Na kweli ndizo nilizosikia. Uongo wangu ulijificha hapo. Baba akawaambia watu kwamba mwanawe hadanganyi, labda ni macho yake yeye yamezeeka. Akaketi.

Ijumaa iliyopita nilimwambia Mayala yote haya, penye kuni. Akasema nisikuandikie, yeye matusi ameshayazoea, mimi bado mdogo.

Nimekuandikia. Na ofisi ya Bwana Rula nimeiandikia pia, kwa Kiingereza, saa zote nimezigeuza. Ukishuka kwenye treni usipitie kwa Mayala. Njoo kwangu kwanza.

Shangazi Sada anakusalimu, na majirani wote wanakuulizia. Mama naye anakusalimu. Ameniona nimeinama hapa tangu asubuhi, ameuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ni salamu. Ukija, kaka, nishike mkono nimweleze mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mwaija binti Abeid