Salamu ya Naserian

Kang'ata, 22 Januari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya Kwashemshi? Mimi mzima, darasa langu la pili ndilo linalonizungusha. Mbwana hatulii kitini, nimempa kazi ya kugawa vitabu, sasa anajiona mkuu wa wilaya. Yusra hashiki kitu bila wimbo, basi hesabu tunaziimba. Nimekwama kwa Naserian, binti wa wafugaji. Kila asubuhi hunijia kimya na kuinamisha kichwa, hadi nimwambie akakae. Kisha hutazama mawingu dirishani mpaka kengele. Baba yake amesema asipojua kusoma kufikia Pasaka, atarudi kuchunga ndama. Umefundisha miaka mingi, nifanyeje?

Mwanao, Hosiana

Kwashemshi, 3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, tangawizi shambani imekubali. Huyo ana kiburi. Samaki mkunje angali mbichi: msimamishe mbele, asikae hadi akuamkie kwa sauti.

Mama yako

Kang'ata, 19 Februari

Mama,

Shikamoo. Nilifanya ulivyosema. Alisimama ameinama, machozi yakidondoka sakafuni. Tangu siku hiyo haji. Naumia. Nikisinzia namwona anatembea juu ya mawingu yake, hageuki.

Mwanao

Kang'ata, 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujajibu, naomba isiwe homa. Nilikwenda bomani kwao. Mzee mmoja mgeni alikuwa amefika, na watoto wakamwendea mmoja mmoja, wakainama, naye akawagusa utosini. Ndivyo wanavyoamkia, Mama. Kumbe kila asubuhi aliniamkia, nami sikuitikia.

Naserian akaja mbele yangu, akainama. Nikamwekea mkono. Utosi wake ulikuwa na joto la jua, nikawa kama niko usingizini.

Amerudi, wiki ya pili sasa, na kila jioni tunasoma pamoja. Ijumaa alisoma hadithi nzima mbele ya baba yake, na kila baada ya sentensi alipumzika akitazama dirishani. Nilimwacha apumzike. Baba amekubali abaki. Siku hizi hata Mbwana anainama, tena anapanga foleni mara mbili.

Mwanao

Kwashemshi, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikuwa na homa, barua yako nimeiandika na kuichana mara tatu. Nimeota niko darasani, wanafunzi wangu wote wa zamani wameinama, na mkono wangu hauwafikii.

Ukija Pasaka, ukifika mlangoni, usiseme shikamoo. Inama tu.

Mama yako