Bhelu Ajifunza Kuwinda Uzeeni

Cofimvaba, 14 Juni

Mwanangu Nobantu,

Sisi hatujambo. Baridi imeingia na kabichi zangu zimeungua kwa sakitu. Mbwa wako Bhelu, uliyempa kaka yako atuletee, aliyezoea kulala kwenye kochi lako huko Cape Town, sasa anafunzwa kuwinda sungura, na miaka yake tisa hiyo.

Mwalimu wake ni baba yako. Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa pili hakuwa ametamka neno, wala hakutaka kutoka nje. Mwezi jana alifunga ngozi ya sungura kwenye kamba, akawa anaiburuta majanini huku akichechemea na fimbo yake. Bhelu aliinusa, kisha akailalia. Jirani yetu Nosakhele alicheka hadi akashika ukuta.

"Dada, hapo nani anamfundisha nani? Wote wawili wanahema!"

Hawakukoma. Kila asubuhi walitoka.

Alhamisi nilikuwa naokota kuni karibu nao, sungura akachomoka kichakani. Bhelu akamfuata mbio. Mara nikasikia sauti: "Kamata! Bhelu, kamata!" Niligeuka nione ni mwanamume gani amepita. Alikuwa baba yako.

Sungura alitoroka. Baba yako aliketi chini akamkumbatia mbwa, nami nikaangusha kuni nikalia.

Najua uliapa hutakanyaga hapa mpaka akuombe radhi. Leo asubuhi, akinywa uji, ametamka neno jipya, la tatu baada ya "kamata" na "Bhelu". Ni jina lako.

Mama yako,
Nothembile