Mwaliko Unakuja kwa Miguu: Kwa Shangazi Kulthum wa Harrow

Mwaka umetimia sasa, Shangazi Kulthum, tangu asubuhi ile ya Machi 2005 ulipotutoka, birika likiwa bado la moto jikoni, na sisi tukidhani umepumzika tu. Wewe wa kupumzika? Hapo hapo tungeshtuka.

Harrow yetu ya ughaibuni iko vile vile. Mumeo Amir bado anaweka vikombe viwili mezani, kisha anakunywa vyote, akisingizia kuwa chai ya huku haina nguvu. Hatumwambii kitu.

Mchana ulikuwa mtu wa kaunsili, halmashauri ya huku, idara ya nyumba, suti ya kijivu na sauti ya kijivu. Jioni ukivaa makubadhi yako ukawa mama wa maprodusa, waandaaji wa maonyesho. Hukutaka ngoma zetu ziandaliwe na wageni, wazee wetu wapangwe jukwaani kama vyombo vya kabatini. Ulitaka vijana wa kwetu, waliozaliwa huku na walioletwa wadogo, waziandae wenyewe. Kila aliyekuja na wazo ulimkata kwa swali lile lile: "Wimbo huo una mwenyewe. Umemwomba?" Wengine walikimbia. Sufian, mtoto wa kaka yako, hakukimbia, kwa sababu kwako kulikuwa na sambusa.

Siku ile alipokuja bwana wa tamasha kubwa, akasema anaitaka kidumbak yetu, taarab ya mitaani, ila produsa ataleta wake, ulimtazama kwa upole kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Produsa tunaye," ukasema, ukamwonyesha Sufian, na Sufian ana sambusa nzima mdomoni. Mgeni akatoa mkono, akapewa mkono wa mafuta.

Mgeni alipotoka, Sufian akauliza, "Shangazi, kweli mimi ni produsa?"

"Bado."

"Mbona umemwambia..."

"Yeye nimemjibu lake, na wewe nimekujibu lako. Haya, beba viti."

Tangu siku hiyo Sufian hajui ashike lipi.

Halafu ukamkabidhi onyesho zima la mwaka 2004, ukumbini Thornton Heath. Na kila mtu wa kwetu anajua mpigaji haalikwi hivi hivi. Unakwenda kwake, unabisha hodi, unavua viatu, unakunywa unachopewa, ndipo unasema lililokuleta, kwa mdomo wako. Sufian naye alijua. Lakini akachapisha kadi za maandishi ya dhahabu, nzuri ajabu, akazitia posta. Hata ya Mzee Msabaha, mpiga sanduku, lile la mbao lenye uzi mmoja linaloguruma, anayekaa Kenton, mahali unapofika kwa kutembea! Stempu alizilamba mezani kwako, Shangazi. Ulimwona. Ukamsogezea glasi ya maji, ulimi usimkauke.

Siku ikafika. Watu wamejaa, biriani imeiva, mpigaji hata mmoja. Sufian akapiga simu Kenton, jasho linamtoka.

"Shikamoo mzee. Kwani hukuipata kadi?"

"Marahaba. Nimeipata, nzuri kweli. Nikaona, maadamu kadi ndiyo iliyonialika, kadi itapiga na sanduku."

Ulipanda jukwaani wewe, ukawachekesha watu mpaka wakasahau walichokuja kukiona. Kwenye treni ya kurudi Sufian alikuuliza, akikaribia kulia, kwa nini hukumwambia. Ulitazama dirishani, ukasema, "Wembley Park hii. Tunakaribia." Basi. Miezi michache baadaye ukaondoka. Mpaka leo anajiuliza: ulimwacha aanguke kwa kuwa ulimwamini atainuka, au ulikuwa umeshamkatia tamaa?

Mwaka jana hatukufanya onyesho, tulikuwa na msiba. Mwaka huu Sufian kasema atalifanya, au aache kabisa kujiita produsa. (Khitma yako tumeisoma Ijumaa nyumbani. Ya khitma mbali, ya ngoma mbali, usije ukatugombeza.) Safari hii katoka kwa miguu.

Alianza kwa Alnashir, mpiga fidla wetu, Mhindi wa Unguja mwenye duka la vitambaa hapa hapa Harrow.

"Ingia, ingia! Kulthum alipita hapa siku chache kabla hajafariki. Alisema, kijana wangu akija kwa miguu, mfungulie."

Sufian machozi yakamlengalenga. Basi ulimwamini! Akaenda Kenton nusu anakimbia. Mzee Msabaha akafungua mlango kwa upana wa jicho moja.

"Kulthum alipita hapa," akasema. "Alisema, ukija kwa miguu nisikufungulie."

"Usi...?"

"Nisi." Mlango ukafungwa.

Fikiria, Shangazi, mtoto wa watu amesimama kwenye mvua ya Kenton na maagizo yako mawili. Alimwendea binti yako Miska amweleze, Miska akacheka mpaka kucheka kukageuka kulia. "Mama ndivyo alivyo. Kwa baba ananisifu, mimi mwenyewe ananiita mvivu."

Usiku huo Sufian hakula, na hilo lilitutia hofu kuliko yote.

Juzi karudi Kenton. Safari hii mlango ulifunguka nusu.

"Umekuja kualika," mzee akamuuliza, "au umekuja kuuliza Kulthum alisemaje?"

 Sufian alikuwa amekuja kuuliza. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa ya kuuliza.

"Nimekuja kualika," akasema.

"Basi vua viatu."

Walikunywa chai. Mzee hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Sufian alipokuwa anafunga kamba za viatu, mzee akauliza kwa mbali, "Huo ukumbi una ngazi nyingi? Sanduku langu si mkoba." Tangu hapo nyumba nzima tunabishana kama hiyo ni ndiyo. Ungekuwepo ungetuambia. Au usingetuambia.

Enyi jamaa na marafiki mnaosoma, hili si tangazo la mwaliko. Tulishajifunza. Mwaliko unakuja kwa miguu, na atakayebisha hodi ni produsa wetu, Sufian. Mfungulieni. Au msimfungulie, kwa namna mlivyoagizwa.

Unakumbukwa na mumeo Amir, binti yako Miska, wapwa zako Sufian na Ibtisam, na vijana wote uliowabebesha viti. Mwenyezi Mungu akurehemu, Shangazi. Hatukuelewi hata sasa, na hatutakusahau kamwe.