Siku Mbili Nilizonyamaza

Kaka Saidi,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na Mama bado anamlaani yule daktari. Kila anayekuja kutupa pole hapa Ufukoni Mama humwambia kwamba wewe ulifanyiwa majaribio. Mimi naendelea kuchambua mchele.

Daktari alitueleza vizuri. Bandama yako ilikuwa na jipu ndani. Angeweza kukupasua tumbo na kuitoa yote. Ugonjwa ungekwisha, ila ungehitaji damu nyingi, na bila bandama malaria ingekupiga vibaya maisha yako yote. Au angeingiza mpira mwembamba ubavuni, usaha utoke, bandama ibaki. Akaonya kwamba majipu yakiwa zaidi ya moja, mpira hauyafikii yote. Homa ikirudi, aambiwe upesi.

Mama alitaka itolewe. Wewe ukachagua mpira. Ulisema mbeba magunia ya korosho akishapasuliwa tumbo, bandarini hana kazi tena. Nikakuunga mkono.

Usaha ulitoka, ukanywa uji, ukanitania kwamba uji wangu una mabonge kama ule wa shuleni. Siku ya tano ukaanza kutetemeka, bega la kushoto linakuuma. Ukanishika mkono.

"Usimwambie daktari, Somoe. Atanikata."

Nikaenda duka la dawa, nikakuletea vidonge vya kushusha homa. Muuguzi alipokuja na kipimajoto, hakuona homa. Nikamwambia umelala vizuri. Kesho yake hivyohivyo.

Siku ya tatu ya homa hiyo tumbo lilikaza kama ubao. Walikupasua, wakaitoa bandama, lakini jipu la pili lilikuwa limeshapasukia ndani. Hukuamka.

Kaka, vile vidonge... sijamwambia mtu.

Sasa jirani yetu Bi Fatu ana jipu kwenye ini. Daktari yuleyule alitaka kumwekea mpira. Kwa sababu ya maneno ya Mama, amekataa mpira, amekataa na kisu, amerudi nyumbani. Tangu asubuhi namsikia akigumia nyuma ya ukuta huu.

Nimeamua. Nitamchukua Mama twende kwake, niwaambie wote wawili nilichokificha. Mama huenda asinisamehe. Nakuahidi sitakusukumia wewe lawama. Ulikuwa mgonjwa, mwenye akili timamu nilikuwa mimi.

Pumzika, Kaka yangu. Mungu akulaze pema.

Bi Fatu amenyamaza. Naacha hapa, nakwenda.

Mdogo wako,
Somoe